Intaneti ya nyumbani inapimwa kama maji na mwenye bomba ni mmoja. Hizi GB zinaenda wapi?

Nusu Kopo (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Leo tarehe 12, saa 1 asubuhi, nimepokea ujumbe: umebakiwa na GB 9. Kifurushi changu ni GB 300 kwa mwezi, cha nyumbani, cha waya, siyo bando la simu. Siku kumi na moja zimekula GB 291. Nyumbani tuko wanne na mmoja wetu ana miaka mitatu. Sichezi gemu, sijapakua sinema, televisheni inawashwa usiku kwa saa moja na nusu, zikizidi sana mbili.

Nikapiga huduma kwa wateja. Muziki wa kusubiri nimeusikiliza dakika 40 hadi nikaujua. Dada aliyepokea ana adabu zake, simlaumu. Akasema mfumo unaonyesha nimetumia. Nimetumia kwenye nini? Mfumo hauonyeshi. Saa ngapi, mchana au usiku? Hauonyeshi. Basi naomba niongee na anayeujua huo mfumo. "Mkuu wa kitengo atakupigia." Mpaka naandika hapa, mkuu wa kitengo hajapiga.

Zimebaki siku 19. Nimepewa njia mbili. Ninunue GB za nyongeza, ambazo moja inauzwa karibu mara tatu ya bei ya GB ileile ikiwa ndani ya kifurushi. Au niziache ziishe wanishushe kasi, picha ikitumwa inafunguka kwa awamu, kichwa leo miguu kesho.

Kuhama? Waya unaoingia mtaani ni wa mmoja na nguzo ni zake. Kuna kampuni ya pili yenye mabango ya kupendeza. Nikawapigia kwa furaha, kumbe nao wananunua kwa huyuhuyu kwa jumla wanatuuzia rejareja, na mita ni ileile.

Kilichonimaliza ni kikokotoo. Nimeuziwa kasi ya Mbps 20, yaani megabiti 20 kwa sekunde, na biti nane ndiyo baiti moja. Ukiitumia yote, hiyo ni GB 9 kwa saa. GB 300 gawa kwa 9, unapata saa 33. Mwezi una saa 720. Nimelipia mwezi, nimepewa siku moja na saa tisa.

Naomba kujua mambo mawili. Kuna aliyewahi kupima mwenyewe akalinganisha na hesabu yao? Na huku kupimiwa kama maji kuna mantiki yoyote, au ni kwa sababu wanajua hatuna pa kwenda?

Kidole Juu

Wizi mtupu. Swali lako la mwisho lina majibu yote, uzi ufungwe.

Jicho la Tatu

Nimekaa paleee, namsubiri yule wa "jifunze kutumia kwa kiasi".

Fundi Nyaya

Mleta mada, pole sana. Kabla hatujamwita mtu mwizi, tupime. Nimefanya kazi upande wa mitambo miaka kadhaa na nimeona malalamiko ya aina hii ya kila sampuli: yapo ambayo mteja yuko sahihi kabisa, yapo ambayo jirani alikuwa na nywila ya waifai tangu harusi ya kaka yake.

Ingia kwenye rauta yako, tafuta ukurasa wa takwimu. Rauta nyingi zinahesabu zilizoingia na zilizotoka. Futa hesabu ianze sifuri, andika muda huohuo mfumo wao unasema umebakiwa na ngapi. Kaa siku tatu, linganisha. Badilisha nywila kwanza, tafadhali.

Tofauti kidogo usiitilie shaka. Kuna wanaohesabu GB kuwa baiti bilioni moja kamili na kuna vifaa vinavyohesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Kwa hiyo 300 za mmoja zinasomeka 279 kwa mwenzake bila mtu kuiba. Halafu data husafiri kwa pakiti. Pakiti ya kawaida ya baiti 1,500 ina walau baiti 40 ambazo ni anwani na maelekezo tu, na pakiti ikipotea njiani hutumwa upya. Vyote hivyo vinahesabiwa. Unalipia barua na bahasha yake.

Ikifika asilimia 5 nitaielewa. Ikifika 20, lete namba hapa.

Na jambo moja muhimu: soma mkataba wako kama wanahesabu na unazopakia, siyo unazopakua pekee.

Nusu Kopo

Nimesoma. Kipengele cha 14, maandishi ya ukubwa wa sisimizi: "matumizi yanajumuisha data inayoingia na kutoka". Sikujua hata kama kuna kitu kinatoka.

GB 9 hazitoshi kupima siku tatu, nimelazimika kununua 100 za nyongeza. Uchungu wake nimeuhifadhi. Narudi.

Mama Mapacha

Mimi si mtu wa baiti na bahasha, nitasema ninachokiona kwangu.

Wanangu wana miaka 14 na masomo mengi wanayatazama kwa video. Tangu tuhamie kwenye kifurushi cha kupimwa nimekuwa askari wa GB. Kila jioni ni "nani anatumia, zima, shusha ubora wa picha". Juzi mmoja alikuwa anaangalia somo la saketi za umeme, nikamwambia ashushe picha. Akashusha. Akaja baadaye kuniuliza ile herufi ni I au ni namba moja, kwa sababu ubaoni hapasomeki. Nikajisikia vibaya, kwani aliyemfundisha kuhesabu GB badala ya kusoma ni mimi.

Maji yakimwagika nayaona sakafuni. Pasi ikiachwa naisikia harufu. Hii kitu inaondoka kimya, hakuna tone wala harufu, unaletewa tu taarifa kwamba imekwisha. Nikifungua ukurasa wa habari, tangazo la video linajicheza lenyewe pembeni. Sikuliomba, sikulibonyeza, na nimelilipia kulitazama. Kwenye hilo mwenye tangazo ndiye angenilipa mimi.

Kidole Juu

Dada umeniua na hiyo ya tangazo. Nakazia.

Mchumi wa Kijiweni

Ngoja nisimame upande usiopendwa, mkitaka mnipige mawe.

Kuchimba mitaro, kulaza nyaya, kulipa mafundi, hakuna cha bure hapo. Sasa yupo mzee anayesoma barua pepe na habari, GB 15 kwa mwezi. Jirani yake kijana anapakua gemu la GB 120 leo, kesho analifuta, keshokutwa analirudisha. Mkiweka bei moja kwa wote, mzee anamlipia kijana. Anayetumia zaidi alipe zaidi, hiyo ni haki ya kawaida kabisa. Maji tunalipia hivyo, umeme hivyo, hakuna anayepiga kelele.

Tatizo la mleta mada ni bei, siyo mita.

Fundi Nyaya

Mchumi, hoja yako ina sura nzuri lakini imesimama juu ya tangi ambalo halipo.

Lita nikiichota mimi wewe huipati tena, mpaka ipandishwe nyingine na kusafishwa. GB haikai kwenye tangi. Nyaya zikishalazwa na mitambo ikishawashwa, gharama ni karibu ileile zipite GB nyingi au chache. Kinachogombewa ni nafasi ya kupita, na inagombewa saa chache tu za jioni, tuseme saa 2 hadi saa 5 usiku watu wote wakiwa sebuleni. Saa 9 usiku barabara ni nyeupe.

Nikupe siri ya jikoni kwetu. Mtoa huduma akinunua njia ya kwenda intaneti ya dunia, kwa kawaida hanunui GB. Ananunua kasi. Kila dakika tano mtambo unarekodi kasi iliyopita. Mwezi wa siku 30 unatoa vipimo 8,640. Vinapangwa kuanzia kikubwa kushuka, kisha asilimia 5 ya juu inatupwa: vipimo 432, sawa na saa 36. Kipimo kinachofuata ndicho anacholipia mwezi mzima.

Mmeona hapo? Saa zake 36 nzito kuliko zote kwenye mwezi anasamehewa. Wewe kipakuliwa chako cha saa 9 usiku, ambacho hakikumwongezea hata senti kwenye ankara yake, unalipia kwa bei ileile ya saa 3 usiku. Ananunua kwa kasi, anatuuzia kwa uzito.

Kuhusu waya wa nyumbani: faiba nyingi za majumbani ni za mfumo wa GPON. Unyuzi mmoja wa karibu Gbps 2.5 (Gbps 1 ni Mbps 1,000) unagawanywa kwa nyumba 32, pengine 64. Nyumba 32 zikivuta zote kwa pamoja kwa nguvu zote, kila moja inapata kama Mbps 77. Mleta mada amepewa 20. Tafuteni wenyewe huo msongamano hapo kati.

Na hizo video tunazosingiziwa kwamba zinaua mtandao, nyingi hazivuki hata bahari. Netflix tangu 2012 ina mpango wa kuwapa watoa huduma seva zake bure wazifunge ndani ya majengo yao, Google nao wana zao. Sinema inatoka jengo la jirani, inauzwa kama imetoka ng'ambo.

Jicho la Tatu

Kumbe jirani. Mimi naitazama kwa heshima nikidhani imepanda meli.

Mchumi wa Kijiweni

Fundi nimekusoma, na hilo la vipimo 432 sikulijua, nakubali. Lakini usiifanye kuwa sheria ya dunia nzima. Kuna mahali nafasi yenyewe ni finyu kweli. Setilaiti, kwa mfano. Au nchi zilizo mwisho wa nyaya za baharini. Australia watu walikaa na vikomo miaka mingi enzi za ADSL, intaneti ya waya wa simu, kwani walichokitafuta kilikuwa ng'ambo ya Pasifiki na njia ya kukileta ilikuwa ghali.

Na pia mteja wa kawaida anaielewa GB. Ukimwambia "kipimo cha 433 baada ya kupanga" atakufungia mlango.

Fundi Nyaya

Setilaiti nakupa, haina ubishi. Ila hata huko tazama wanavyofanya. HughesNet ya Marekani ilikuwa inawapa wateja wake GB za ziada za kutumia saa 8 usiku hadi saa 2 asubuhi. Mwenye uhaba wa kweli anakusukuma uende saa ambazo barabara ni tupu. Asiyekuonyesha hata umetumia saa ngapi, huo uhaba wake mimi nauonea mashaka.

Na huna haja ya kumweleza mteja vipimo. Mwambie hivi: usiku wa manane hatuhesabu. Bibi yangu anaelewa hiyo.

Pweza

Nawafuatilia tangu juzi. Nina kumbukumbu za mambo haya, nitayamwaga kama yanavyokuja.

Mabishano haya ni ya zamani. Mwaka 2008 Time Warner Cable, kampuni ya kebo ya Marekani, walianza majaribio Beaumont, Texas: vifurushi vya GB 5 hadi 40, ukizidisha dola 1 kwa kila GB. Aprili 2009 wakatangaza kuupeleka mpango huo miji mingine. Watu wakaja juu, wanasiasa wakaingia, na mwezi huohuo wakaurudisha kabatini.

Kanada ndiyo yenye somo kwa mleta mada, hasa ile habari ya "kampuni ya pili inayonunua kwa huyuhuyu". Januari 2011 mdhibiti wao, CRTC, aliruhusu kampuni kubwa zenye nyaya kuwatoza wauzaji wadogo kwa matumizi ya GB. Maana yake wadogo, ambao ndio waliokuwa wakitoa vifurushi vikubwa, wanalazimishwa kufanana na wakubwa. TekSavvy, mmoja wa wadogo, akawaambia wateja wake wa Ontario kwamba kikomo cha GB 200 kitashuka hadi 25. Ishirini na tano! Watu karibu nusu milioni wakasaini malalamiko. Waziri wa viwanda, Tony Clement, akasema mdhibiti asipogeuza, serikali itageuza yenyewe. Novemba mwaka huohuo uamuzi mpya ukatoka, na msome Fundi alichosema kisha msome huu: muuzaji mdogo akadirie kasi anayoihitaji, ainunue kwa mafungu ya Mbps 100. Kasi, siyo GB. Mdhibiti mwenyewe alifika alipofika Fundi.

La Comcast, kampuni nyingine kubwa ya kebo ya Marekani, ndilo ninalolipenda. Mwaka 2016 walisambaza kikomo cha terabaiti 1, kama GB 1,000 hivi, ukizidisha dola 10 kwa kila GB 50. Lakini majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani hawakukitumia. Huko ndiko mshindani wao Verizon alikolaza faiba yake ya Fios. Mwishoni mwa 2020 wakatangaza sasa na huko kitaanza. Wakaahirisha. Wakaahirisha tena. Mitambo ni ileile na kampuni ni ileile, ila huku mteja ana mlango wa pili.

Machi 2020 watu walipofungiwa majumbani, wanafunzi na wafanyakazi wote mtandaoni, Comcast hiyohiyo ikasitisha kikomo kwa muda. Kama kikomo ndicho kilichokuwa kinauokoa mtandao usizidiwe, huo ndio ulikuwa mwezi wa kukibana zaidi.

Na tangu Januari 2013 Michael Powell, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa mdhibiti wa mawasiliano wa Marekani na wakati huo akiongoza chama cha kampuni za kebo, alikiri hadharani kwamba lengo kuu la vikomo halikuwa msongamano. Lilikuwa namna ya kurudisha gharama kubwa za ujenzi. Angalau yeye alisema.

Kidole Juu

Pweza una mikono minane kweli.

Jicho la Tatu

Mmesahau njiwa.

Mama Mapacha

Njiwa gani tena?

Jicho la Tatu

Septemba 2009, Afrika Kusini. Kampuni moja ilichoshwa na kasi ya laini yake ya ADSL ikamfunga njiwa anayeitwa Winston kadi ya kumbukumbu yenye GB 4 mguuni. Akarushwa kutoka Howick kwenda Durban, kilomita kama 80. Huku wakaanza kutuma mzigo huohuo kwa laini. Winston alitumia saa moja na dakika 8 hewani. Ukijumlisha na muda wa kunakili kadi, saa mbili na dakika 6 na kitu. Wakati huo laini ilikuwa imefikisha asilimia 4.

Halafu njiwa hahesabu za kuingia na kutoka.

Mchumi wa Kijiweni

Anahesabu punje.

Nusu Kopo

Wakuu nimerudi. Naomba mnivumilie, na Kidole Juu naomba ukae.

Nimepima siku tatu kamili. Rauta yangu: GB 79. Mfumo wao: GB 82. Hiyo tofauti ni bahasha za Fundi. Hawajaniibia hesabu.

Nikafungua orodha ya vifaa kwenye rauta. Simu ya mke wangu, kawaida. Televisheni, kawaida. Kisha kuna kifaa kinaitwa namba na herufi tupu, kimetoa karibu GB 65 kwa siku tatu. *Kimetoa*, siyo kuingiza. Nilizunguka nyumba nikichomoa kitu kimoja kimoja, mtoto ananifuata nyuma akidhani ni mchezo.

Ni kamera ya getini. Ile niliyofunga mwenyewe mwezi uliopita baada ya kuibiwa ndoo. Inarekodi saa 24 na kuipeleka video yote kwenye seva ya waliotengeneza, hata kama hakuna anayepita. Mbps 2 muda wote. Fundi, nimepiga hesabu: GB 21.6 kwa siku. Kwa zile siku kumi na moja ni karibu GB 238. Familia yangu nzima ilitumia 53 zilizobaki.

Ndoo iliyoibiwa ilikuwa imepasuka.

Kidole Juu

😂😂😂 Nimekaa.

Sasa tuwaombe radhi?

Mchumi wa Kijiweni

Sitasema neno. Nitaacha tu hapa kwamba mita ndiyo iliyokuambia kuna kitu kinavuja. Bila mita kamera ingepiga picha geti tupu hadi mwisho wa dunia.

Nusu Kopo

Hapo umenipiga, Mchumi. Ila mita haikuniambia kuna kinachovuja. Iliniambia "umetumia". Anayejua kila saa kimepita kiasi gani, na kimeelekea nje au ndani, ni wao. Wangeniambia siku ya pili "mkuu, kwako kunatoka kuliko kunakoingia", ningeichomoa siku hiyohiyo. Hawakuwa na haraka ya kuniambia, na sijui kwa nini wangekuwa nayo, kama nyongeza wanaiuza mara tatu.

Na bado lile swali langu la saa 33 limesimama palepale. Nilianza uzi nikiwaita wezi wa GB, hiyo naifuta. Mizani yao iko sawa. Ninachobisha sasa ni kwamba kuna haja gani ya mizani.

Fundi Nyaya

Kamera za aina hiyo nyingi zina sehemu ya kadi. Weka kadi ya kumbukumbu, uiweke irekodi pale tu kitu kinaposogea, na kwenye seva ipeleke picha ya tukio pekee.

Wengine, mkiwa humo ndani ya rauta, angalieni na kompyuta za Windows. Kuna mpangilio unaoruhusu kompyuta yako kuwagawia watu wengine apdeti ilizokwisha kupakua. Uzimeni, au uacheni kwa kompyuta za ndani ya nyumba tu. Na simu zinazohifadhi nakala za picha na video zote kila usiku. Vyote hivyo vinatoka, na kwa mkataba wa kipengele cha 14 vinalipiwa.

Mama Mapacha

Nimezima kwenye kompyuta ya watoto. Asante, fundi. Na video zinazojicheza zenyewe nimezizuia kwenye kivinjari.

Nauliza swali la mjinga: zile GB tunazobakiza mwezi ukiisha zinaenda wapi? Mwezi wa likizo tulisafiri, tukabakiza nusu ya kifurushi. Tarehe 1 zikafutwa. Kama ni maji, yangebaki kwenye ndoo.

Mchumi wa Kijiweni

Dada, hilo si la mjinga. Hapo hata mimi sina la kuwatetea. Wakitaka iwe kama maji, iwe kama maji hadi mwisho. Na yule mzee wangu wa GB 15 nimemfuatilia kwenye orodha ya bei: kifurushi kidogo kuliko vyote ni GB 100, na bei yake ni zaidi ya nusu ya kile cha 300. Mzee hapunguziwi chochote. Nimemtumia bure kwenye hoja yangu, naomba anisamehe.

Pweza

Basi lipelekwe kwa mdhibiti kwa maandishi. Ukienda na "bei ni kubwa" utaambiwa soko huria, japo muuzaji ni mmoja. Nenda na vitu vinavyopimika. Kwamba mteja aone matumizi yake kwa kila saa, yaliyoingia na yaliyotoka mbalimbali. Kwamba usiku wa manane pasihesabiwe. Kwamba GB zilizolipiwa zisifutwe kabla hazijatumika. Na kwamba wanaonunua jumla wauziwe kwa kasi kama Kanada, ili ile kampuni ya pili ya mleta mada iwe ya pili kweli. Hilo la mwisho ndilo watakalolipiga vita zaidi, kwa hiyo ndilo la kuliandikia kurasa nyingi.

Kuna na njia ndefu. Mji wa Chattanooga, Tennessee, shirika lao la umeme lililaza faiba kwa ajili ya umeme wenyewe, likaitumia kuuza intaneti, na mwaka 2010 likawa linauza Gbps 1 kwa wateja wa eneo lake lote, bila kikomo cha GB. Comcast walikuwa wamelishtaki mahakamani 2008 kulizuia. Wakashindwa.

Jicho la Tatu

Shirika la umeme la kwetu liache kwanza umeme usikatike.

Nusu Kopo

Wakuu, tarehe 27. Mkuu wa kitengo amepiga!

Mtu mzuri, tumeongea nusu saa. Kwanza akanipa ofa ya kupanda kifurushi cha GB 500. Nikamwambia kamera nimeirekebisha, tangu hapo natumia GB 5 au 6 kwa siku, sihitaji. Akanyamaza kidogo. Nikamwomba taarifa ya kila saa kwa zile siku kumi na moja za mwanzo. Akasema haitolewi kwa wateja. Nikamsomea kipengele cha 22 cha mkataba wao wenyewe, kwamba mteja anaweza kuomba "uchambuzi wa matumizi". Akasema atauliza.

Jioni imekuja kwa barua pepe, kurasa sita. Kumbe kila kitu wanacho, saa kwa saa, vilivyoingia na vilivyotoka. Nimejumlisha mistari ya saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi: GB 59. Kamera inalitazama geti, nyumba nzima imelala.

Nikampigia kumuuliza kama hizo 59 zaweza kurudishwa, kwa kuwa saa hizo mtambo wao ulikuwa hauna kazi. Akacheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho naye amewahi kujiuliza. Akasema: "Andika barua."

Naandika. Kesho naituma kwao na nakala kwa mdhibiti.

Fundi Nyaya

Ziweke hapa hizo kurasa sita tuzisome. Futa kwanza jina na namba ya akaunti.

Mama Mapacha

Na mimi nitumie hicho kipengele cha 22 kilivyoandikwa neno kwa neno. Nimetafuta kwenye mkataba wangu, wa kwangu unaishia 21.